Kiungo cha Usukani Kilichokwama

Mawe makali ya Nyiragongo, mlima uliomwaga moto katika Goma tarehe 17 Januari 2002, huvichosha upesi viungo vya usukani vya magari makuukuu. Kiungo kikikwama kwa kutu, tusikipige kwa hasira kwenye ncha inayoshika nati, kwani itaharibika. Kwanza tulikalishe gari juu ya magogo imara, tusiitumainie jeki peke yake. Imekwisha kuua watu. Tutie mafuta, tungoje hata asubuhi. Ndipo tulegeze nati bila kuiondoa, tugonge ubavu wa tundu linalokishika kiungo, mtikisiko hukiachisha. Tunapokizungusha kukitoa katika fimbo yake, tuhesabu mizunguko, kipya kiingie kiasi kile kile. Pini kuukuu tuitupe. Usukani huo umeshika roho za watoto wetu.