Ujumbe wa pesa si pesa

WIKI chache zilizopita, nikitoka kazini, mama mmoja ambaye mwanawe namfundisha alinisimamisha karibu na stendi ya mabasi ya Remera. Mkononi alishika simu. “Mwalimu, hebu nisomee meseji hii,” aliniambia. “Labda macho yangu ndiyo yananidanganya.”

Niliisoma. Ilisema amepokea faranga 240,000. Jina la aliyetuma lilikuwepo, tarehe na saa vilikuwepo, hata namba ya muamala ilikuwepo. Nikamwambia sioni kosa. Akanijibu kwa sauti ya chini: “Salio halijaongezeka, Mwalimu. Na cherehani zangu zimekwenda.”

Mama huyu ni mmoja wetu. Alizaliwa ukimbizini mkoani Kagera, akasomea huko, kisha akarudi nyumbani na wazazi wake. Kwa miaka mingi amekuwa akienda Rusumo na kurudi na bidhaa. Safari hii alikuwa na cherehani mbili zilizotumika. Akazipiga picha, akaziweka kwenye kundi la WhatsApp la wauzaji, na bei akaandika 180,000 kwa zote mbili.

Kabla jua halijazama akapigiwa simu na mwanamume aliyezungumza Kiswahili safi cha upande wa pili wa mto. Alimwamkia kwa heshima, akamwita mama, akamwambia kuwa naye alikulia Ngara na sasa ni fundi nguo Rwamagana. Hakuomba apunguziwe hata faranga moja. Punde meseji ikaingia: 240,000. Papo hapo simu ikalia tena. Mteja alikuwa anahema. Alisema amekosea, ameongeza 60,000 ambazo ni za dawa za mtoto aliyelazwa, anaomba arudishiwe haraka. Mama akamwonea huruma, akamtumia 60,000 kutoka kwenye akaunti yake ya simu. Motari aliyetumwa kuchukua mzigo alikuwa tayari yuko mlangoni. Akampa cherehani. Tangu jioni hiyo namba ya mteja haipatikani.

Tulisimama pale tukapiga hesabu. Cherehani 180,000, taslimu 60,000, jumla 240,000. Kiasi kile kile ambacho meseji ilidai amepokea ndicho alichopoteza. Na sehemu ya mtaji huo ilikuwa mkopo wa ikimina, fedha za akina mama wenzake ambao wanamsubiri arejeshe.

Huku kwetu matapeli wa namna hii wanaitwa abatekamutwe, yaani wapika vichwa. Tulipokuwa Tanzania tulisema mtu kapigwa changa la macho, au kaingizwa mjini. Majina ni mengi, kazi ni moja.

Nilipowasimulia watu habari hii bila kumtaja mhusika, wengi walinijibu kwa methali: tamaa mbele, mauti nyuma. Hapo ndipo nilipoona nishike kalamu. Ndugu msomaji, hebu tulitazame jambo hili vizuri. Mama huyu alifanya tamaa gani? Aliambiwa kuna 60,000 za mtu mwingine zimemfikia kwa makosa, naye akaharakisha kuzirudisha. Mwenye tamaa angezima simu akanyamaza. Tapeli yule hakutafuta mtu mwenye tamaa. Alitafuta mtu mwaminifu, tena mwenye haraka ya kutenda mema, akamkuta.

Utapeli huu nimeufahamu kabla haujaingia kwenye simu. Mwaka 2014 binamu yangu anayeishi Marekani alitangaza makochi yake kwenye intaneti kwa dola 600. Mnunuzi hakuyaona wala hakubishania bei. Akatuma kwa posta hundi, au cheki kama tulivyozoea kusema, yenye chapa ya benki na thamani ya dola 1,950. Maelezo yake yalikuwa haya: chukua 600 zako, jiongezee 50 za usumbufu, na 1,300 zinazobaki watumie watu wa usafirishaji watakaokuja kubeba makochi.

Binamu aliipeleka hundi benki siku ya Jumatatu. Jumatano fedha zikaonekana kwenye akaunti yake. Akatuma 1,300. Siku ya tisa benki ikampigia simu kwamba hundi ni ya bandia, ikaondoa dola zote 1,950, na akaunti ikabaki na deni. Makochi yenyewe hakuna aliyekuja kuyachukua. Mwizi hakuwa na haja ya makochi. Familia tulichangishana hapa Remera na kwingineko, kila mtu kwa uwezo wake, ili kijana yule alipe deni la fedha ambazo hakuzila.

Wakati ule niliuliza swali ambalo nadhani na wewe unajiuliza: benki ilionyeshaje fedha ambazo hazikuwepo? Jibu ni muhimu kwa kila anayeuza.

Hundi ni karatasi ya kuiamuru benki fulani imlipe mtu fulani. Mpaka benki hiyo iikubali amri na kutoa fedha, ulichonacho ni karatasi. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1987 inazitaka benki zimruhusu mteja kutumia fedha za hundi baada ya siku chache za kazi, ili zisizikalie kwa muda mrefu. Lakini kuigundua hundi ya kughushi kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Katikati ya siku hizo chache na wiki hizo ndimo tapeli anamofanyia kazi. Mteja anaona salio, anadhani hundi imekubaliwa. Hundi ikirudi, benki inamdai yeye, kwa kuwa ndiye aliyeileta.

Ndiyo maana tapeli wa hundi hutaka salio lirudishwe kwa njia isiyoweza kufutwa, kama vile huduma za kutuma fedha taslimu. Zikishachukuliwa upande wa pili, zimekwenda. Tatizo hili lilifikia kiasi kwamba Januari 2017 kampuni ya Western Union ilikubali kutoa dola milioni 586 kumaliza mashauri ya serikali ya Marekani, baada ya kukiri kwamba haikuwa na udhibiti wa kutosha wakati baadhi ya mawakala wake walipowasaidia matapeli.

Msomaji wa Gatuna au Rusumo ataniambia kwamba yeye hauzi makochi Marekani na hapokei hundi. Namwomba asubiri. Wapo wafanyabiashara wa mipakani wanaouza mzigo mkubwa wa mchele, maharage au vitenge kwa kampuni za miji mingine. Mnunuzi anaweka hundi kwenye akaunti yako Ijumaa alasiri, anakupigia picha stakabadhi yenye mhuri wa benki, anakutumia kwa WhatsApp na kukuomba upakie lori usiku huo. Mhuri unaweza kuwa halali kabisa. Lakini stakabadhi ile inathibitisha kwamba hundi imepokelewa dirishani, haithibitishi kwamba imelipwa. Jumatatu au Jumanne hundi ikirudi kwa kukosa fedha au kwa saini ya kughushi, lori limeshavuka mpaka. Hata kama hundi ni ya kweli, ya benki ya nchi nyingine huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu lazima ipelekwe kukusanywa huko ilikotoka.

Sasa rudi kwenye meseji ya yule mama. Ni hundi ya bandia iliyovaa nguo mpya. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Mobile Money ya MTN ifike Rwanda mwaka 2010, tumezoea kuamini mlio wa simu. Mpaka wa Gatuna ulipofungwa Februari 2019 hadi Januari 2022, na corona ikaingia katikati yake mwaka 2020, wengi wetu tukajifunza kuuza kwa picha na kulipwa kwa simu bila kuonana. Ni jambo jema, limetuokolea nauli na siku za safari. Lakini meseji ni maandishi tu. Yeyote anaweza kuandika maneno yale yale na kuyatuma kwenye simu yako.

Dalili za utapeli huu hazijifichi. Ya kwanza ni mnunuzi asiyebishania bei. Nani kati yetu amewahi kuuza kitu Remera bila mtu kuomba apunguziwe? Ya pili ni malipo yanayozidi bei. Ya tatu ni mtu wa tatu: msafirishaji, shemeji au wakala ambaye eti ndiye atumiwe kilichozidi. Ya nne ni haraka inayoambatana na huzuni, kama mgonjwa, msiba au basi linaloondoka.

Ya tano naitaja kwa uchungu, kwa kuwa inatuhusu sisi tuliorudi. Tapeli anakuja na lugha yetu. Mimi nilisoma Karagwe, nikarudi mwaka 1997 nikiwa kijana wa miaka kumi na minane. Mpaka leo nikisikia Kiswahili cha kule mtu akiongea nyuma yangu, nageuka kama nimeitwa na ndugu. Lugha ile ilitulea wakati hatukuwa na kwetu. Ndiyo maana aliyeijifunza ili atuibie anajua pa kugonga. Tuendelee kusalimiana na kuulizana habari za Ngara na Bukoba, lakini salamu isihesabiwe kuwa malipo.

Tufanye nini basi? Sheria ya kwanza ni kuangalia salio na kuacha kuutegemea ujumbe. Kwa anayetumia MTN hapa Rwanda, piga *182# mwenyewe, uangalie salio lako kabla ya kugusa mzigo. Usikubali kuonyeshwa simu ya mnunuzi wala picha ya muamala. Kwa hundi, nenda benki au wapigie kwa namba unayoijua, na usiulize “fedha zimeingia?” Uliza “benki iliyotoa hundi imeshalipa, na je, fedha hizi zinaweza kurudishwa?” Maswali hayo mawili yana majibu tofauti.

Sheria ya pili: usirudishe kilichozidi kwa mkono wako. Mtu akidai amekutumia kwa makosa, mwambie kwa upole aende kwa kampuni ya simu au benki yake, nao watashughulikia. Kama fedha ni zake kweli, hatapoteza kitu. Kwa kufanya hivyo hujawa mkatili, na uaminifu wako unabaki palepale.

Sheria ya tatu: motari asubiri. Mzigo ubaki ndani mpaka salio lionekane. Mnunuzi wa kweli atasubiri dakika tano.

Na ukishapigwa, usinyamaze. Piga simu mara moja kwenye huduma kwa wateja ya kampuni iliyopitisha fedha ulizotuma, uombe zizuiwe kabla hazijatolewa. Usifute meseji wala namba. Toa taarifa kwa Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, kwa namba 166 isiyo na malipo. Sheria Na. 60/2018 ya kuzuia na kuadhibu makosa ya mtandao ipo, lakini haiwezi kumkamata mtu ambaye hakuna aliyemshtaki. Kwa walio upande wa Tanzania, namba za matapeli hutumwa kwenda 15040.

Najua kinachowazuia wengi kusema. Ni aibu. Yule mama alizunguka na simu yake siku tatu kabla ya kunionyesha, akihofia kuchekwa, na hofu kubwa zaidi ilikuwa kikao cha ikimina. Siku hizo tatu ndizo tapeli alizozihitaji. Kwa hiyo wanaosema “tamaa imemponza” wajue kwamba wanamsaidia mwizi bila kulipwa.

Kwa wakubwa wetu nina ombi moja. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Basi benki na kampuni za simu zitoe tahadhari hizi kwa Kiswahili pia, zibandikwe Rusumo, Gatuna na Rubavu, mahali ambapo watu hufanya biashara zao kwa lugha hiyo. Karatasi moja yenye maneno “Angalia salio kabla ya kutoa mzigo” haina gharama kubwa. Matapeli wameshatuzungumzia kwa Kiswahili. Wanaotulinda nao wafanye hivyo.

Mama yule alikwenda kwenye kikao cha ikimina nami nikamsindikiza. Alieleza kila kitu, na wenzake wakamwongezea muda wa kulipa. Kisha wawili kati yao wakanyanyua mikono na kusema kwamba nao waliwahi kutumiwa meseji kama hiyo, mmoja akapoteza 35,000, na hawakumwambia mtu. Kama wangesema siku ile, cherehani mbili zingekuwa bado zipo.