Kofia ngumu tumeikubali, sasa tuangalie miguu

KWA yeyote anayeijua Kigali, jambo moja kuhusu pikipiki halina ubishi: hapandi mtu bila kofia ngumu. Dereva ana yake, abiria anapewa yake, na abiria ni mmoja tu. Wageni wanaotoka Kampala au Goma, ambako wamezoea kuona baba, mama, mtoto na jogoo juu ya chombo kimoja, hushangaa wakifika Nyabugogo na kukuta kila kitu kimepangwa. Nasi waliorudi nyumbani tukitokea nchi za jirani tumelizoea jambo hilo kiasi kwamba tunawacheka ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka.

Lakini hebu ndugu msomaji, teremsha macho kidogo. Utamwona mtu huyo huyo mwenye kofia iliyofungwa vizuri kidevuni amevaa kandambili. Mwingine kavaa viatu vya tairi, vile ambavyo Watanzania huviita katambuga, Wakenya akala, na waliokulia Uganda wanavifahamu kwa jina la lugabire. Juu ni askari, chini ni mvuvi aliyetoka ziwani.

Siandiki haya kwa ajili ya anayetoka Remera kwenda Kimironko. Naandika kwa ajili yetu tunaokwenda mipakani kwa pikipiki zetu wenyewe. Tuko wengi kuliko watu wanavyodhani. Mzigo tunaupakia kwenye lori, lakini mwenye mali hutangulia kwa pikipiki ili akaangalie bei, akubaliane na muuzaji, alipe, kisha arudi kabla giza halijaingia. Kutoka Kigali hadi Gatuna ni kama kilomita 80. Hadi Rusumo ni kama 160, na hadi Rubavu ni karibu hivyo hivyo. Kule Ulaya safari za namna hiyo zina pikipiki zake maalumu, za mwendo mrefu na wa kasi, na viatu vyake maalumu. Sisi tunakwenda mwendo ule ule juu ya Boxer na TVS, na viatu tulivyovaa ni vile tulivyoamka navyo.

Madaktari wa mifupa wa kanda hii yote wanajua kwamba pikipiki ikianguka, sehemu ya mguu iliyo chini ya goti ni miongoni mwa zinazoumia zaidi. Sababu haihitaji elimu kubwa. Chombo kinalala ubavu, na chini yake kuna mguu. Kifundo kinabanwa kati ya chuma na lami. Mama mmoja ninayemfahamu, mfanyabiashara wa vitenge, alianguka akiwa kwenye mwendo wa polepole kabisa, pale ambapo mchanga ulikuwa umemwagika kwenye kona. Kofia yake haikupata hata mkwaruzo. Alikaa nyumbani zaidi ya miezi mitatu kwa ajili ya kifundo, na wateja wake hawakumsubiri. Mituweli husaidia sehemu kubwa ya gharama za hospitali, lakini siku za biashara zilizopotea hakuna anayezilipa.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likizungumzwa, nalo linatuhusu sisi hasa. Pikipiki hizi nyingi zimeundwa India, nchi ambayo magari hupita kushoto. Bomba la moshi wameliweka upande wa kulia. Mhindi, Mganda, Mkenya au Mtanzania anaposhuka kandokando ya barabara hushukia kushoto, mbali na bomba. Lakini Rwanda, kama Burundi na Kongo, tunapita kulia, na ukingo wa barabara uko kulia. Kwa hiyo abiria wa Kigali hushukia upande ule ule wenye chuma cha moto, na sehemu ya ndani ya ndama wa mguu wa kulia hupita karibu nalo kabisa. Angalieni miguu ya kina mama sokoni mtaona lile kovu la mviringo. Kumwambia mtu ashukie kushoto ni kumtupa katikati ya magari, kwa hiyo kinga iliyobaki ni kiatu kinachopanda juu ya kifundo hadi katikati ya ndama. (Na ukiungua, mwagia maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno ibaki kwa ajili ya meno.)

Pikipiki za umeme hazina bomba hilo. Kampuni ya Ampersand ilianza kuzileta hapa Kigali mwaka 2019, na tangu mwaka 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria jijini zinazosajiliwa ni za umeme. Hilo ni jema. Lakini anayekwenda Rusumo na kurudi bado anategemea petroli, na kifundo cha mguu kikibanwa hakiulizi kama chombo ni cha umeme au cha mafuta.

Sasa tuvae nini? Wengi watasema gambuti. Nimeyavaa, nayajua. Mvua ya Aprili ikikukuta kwenye milima ya Gicumbi utayashukuru kwa nusu saa, kisha maji yataingia kwa juu na hayatakuwa na njia ya kutokea. Mpira ukigusa bomba la moshi unayeyuka na kunata. Zaidi ya yote, gambuti halina kamba wala zipu. Mtu akiburuzwa linachomoka, na mguu unabaki mtupu pale pale unapohitaji kufunikwa. Ni kiatu kizuri cha shambani.

Viatu vya mafundi wa ujenzi ni afadhali sana. Vile vyenye alama ya S3 vina kofia ya chuma au ya plastiki ngumu mbele, iliyopimwa kwa pigo la joule 200, na soli yake ina bamba linalozuia msumari kupenya. Wapo wanaosema kofia hiyo ya chuma itakukata vidole ikibonyea. Mimi naona kitu kizito cha kubonyeza chuma kingekuwa kimeshavisaga vidole vile bila chuma. Pikipiki zetu nyingi zina pedeli ya gia yenye ncha mbili, unakanyaga mbele kwa kidole na nyuma kwa kisigino, hivyo unene wa kofia hiyo hausumbui sana. Udhaifu wa kiatu hiki uko ubavuni. Kimetengenezwa kwa ajili ya tofali linaloanguka kutoka juu, hakikutengenezwa kwa ajili ya injini inayokulalia kwa pembeni, na kifundo mara nyingi kina sponji tu. Tena kamba zake lazima zichomekwe ndani. Kamba inayoning'inia ikinasa kwenye pedeli utajua wakati unataka kuweka mguu chini, nao haushuki.

Kilicho bora ni buti la pikipiki lenyewe, na hapa ndipo wengi wetu tunadanganywa sokoni, maana kila buti refu jeusi huitwa la pikipiki. Lifungue, uangalie kwenye ulimi au ndani ya shingo yake. La kweli lililotengenezwa kwa soko la Ulaya lina mchoro mdogo wa mtu aliyepanda pikipiki na namba EN 13634. Katika toleo la mwaka 2017 zinafuata tarakimu nne, kila moja ikiwa 1 au 2: urefu wa shingo, uwezo wa kuhimili kusuguliwa na lami, uwezo wa kuhimili kukatwa, na ugumu wa soli inapobanwa kutoka pembeni. Mbili ni bora kuliko moja. Ukiona pia herufi IPA, kifundo kina kinga yake. IPS ni kinga ya muundi. WR ina maana buti limepimwa dhidi ya maji. Kama alama hazisomeki kwa uchakavu, shika soli kwa mikono miwili, kushoto na kulia, uibane kama unayekamua nguo. Ikikunjika kwa nguvu za mikono yako tu, pikipiki ya kilo mia na zaidi itafanya nini?

Kuna ugonjwa mwingine wa buti za mtumba ambao hauonekani kwa macho. Soli nyingi ni za poliyurethani, na aina hiyo huoza yenyewe kwa unyevu wa hewa hata kama kiatu hakijavaliwa. Buti linaweza kung'aa kama jipya, ukatembea nalo wiki moja na soli ikamomonyoka kama mkate mkavu. Bonyeza ukucha pembeni mwa soli, kunja mbele, usikilize. Ikipasuka kwa sauti ndogo, mrudishie mwenyewe.

Kuhusu kustarehe, wafanyabiashara tunapenda kusema tutavumilia. Kiatu hakivumiliki kwa kilomita 160. Mguu unaouma hauikanyagi breki kwa wakati, kwa hiyo starehe nayo ni sehemu ya usalama. Jaribu kiatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa kazi za mchana, na ukivae na soksi ndefu utakazosafiri nazo. Usisimame tu. Kaa juu ya pikipiki, piga magoti namna unavyokaa njiani, uone kama shingo ya buti inakuchoma nyuma ya goti. Kisha tembea, maana pale Rusumo kuna foleni na kutoka dirisha hadi dirisha. Wale wa njia ya Rubavu wakumbuke kwamba barabara inapanda kupita mita 2,000 na asubuhi kuna baridi ya kweli. Na wanaoendelea hadi Goma watakanyaga mawe ya volkano, ambayo yanatafuna soli laini kama msasa.

Kina dada wana tatizo la nyongeza, kwamba mabunda ya mtumba yamejaa namba 42 na 44. Namba 38 ni bahati. Nawashauri watafute kwenye buti za vijana, na viatu vyao vizuri wavibebe kwenye mfuko. Hakuna mteja aliyekataa kitenge kwa sababu muuzaji alibadilisha viatu mlangoni.

Nifike sasa kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 2016 serikali yetu ilipandisha ushuru wa mitumba. Nguo zilitoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, na viatu navyo vikapandishwa. Marekani ilikasirika, na mwaka 2018 ikatusimamishia nafuu ya AGOA kwa upande wa nguo. Mimi sikuwa, na mpaka leo si miongoni mwa waliolalamika. Hoja ya kujenga viwanda vyetu na kuacha kuvaa nguo zilizovaliwa ilikuwa na uzito wake. Lakini buti la pikipiki lina uzito wa kilo mbili na zaidi kwa jozi, na ushuru unaohesabiwa kwa kilo unaliadhibu kuliko kiatu cha kuchezea dansi. Kadiri kiatu kinavyokinga zaidi ndivyo kinavyolipiwa zaidi. Naomba wahusika walitazame hilo. Buti lenye alama ya usalama inayosomeka lisihesabiwe pamoja na bunda la viatu vya mitindo. Afisa wa forodha hahitaji maabara, alama iko kwenye ulimi.

Watasema tutafungua mlango wa udanganyifu. Huenda. Basi kuna njia ya pili, nayo iko mikononi mwetu wafanyabiashara. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, kinachotolewa pale pale mpakani, kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa. Mtumba wa Ulaya hauwezi kukipata hata ukiununua Owino au Gikomba, kwa sababu asili yake si kwetu. Lakini buti lililoshonwa na fundi wa Kariokor kule Nairobi, au na fundi wa Kampala, ni mtoto wa nyumbani. Tunavusha mchele, nyanya na dagaa. Kwa nini tusiwape mafundi hawa kazi ya kushona buti la msafiri wa pikipiki, au tusiwape mafundi wetu wa hapa hapa Kigali?

Tukienda kwao tusiseme tu "nishonee buti". Tuseme tunataka ngozi nzima ya ng'ombe, ile ya juu, si ile iliyopasuliwa ikapakwa rangi. Shingo ifike katikati ya ndama. Kwenye kifundo, pande zote mbili, kuwe na kikombe kigumu kilichoshonewa ndani, na kisigino kiwe na kingine. Katikati ya soli kuwe na bamba lisilokunjika kutoka pembeni. Zipu iwe upande wa ndani wa mguu, ifunikwe na ulimi wa kunata, na mguu wa kulia uongezewe kipande cha pili cha ngozi pale bomba la moshi linapogusa. Nilimpa fundi mmoja maelezo hayo, akayasikiliza yote akiwa ameinamia kazi yake, kisha akaniuliza, "Mzee wangu, ni jozi ngapi?" Nikamwambia moja. Akacheka, akasema kwa jozi moja hatengenezi kalibu. Alitaka ishirini.