Oveni si lazima: presha kuka kwanza, eafraya baadaye

KATIKA miaka ya hivi karibuni maduka ya vyombo hapa Arusha yamejaa majiko ya umeme ya kila namna. Ipo eafraya, lile jiko la kikapu linaloivisha chakula kwa hewa ya moto inayosukumwa na feni. Ipo pia presha kuka ya umeme, ile sufuria yenye vitufe vingi inayochemsha maharage, kupika wali, kukaanga vitunguu na hata kuoka keki. Kila inapokaribia Ramadhani akina mama huuliza swali lile lile: je, vyombo hivi vinatosha badala ya oveni? Na kama fedha ni ya chombo kimoja tu, kinunuliwe kipi?

Ndugu msomaji, kwa familia za Sombetini swali hili lina kasoro tangu mwanzo. Wengi wetu oveni hatunayo. Oveni yetu ni jiko la mkaa, moto chini na makaa mengine juu ya mfuniko, na ndivyo mkate wa sinia na keki za Idi zinavyookwa katika nyumba nyingi. Kwa hiyo tunapoipima presha kuka tusiipime na oveni ya kwenye picha. Tuipime na mkaa tunaoununua pale Mbauda, pamoja na moshi wake.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kutokana na hewa chafu ya majikoni, na wanaoivuta zaidi ni wanawake na watoto wao wadogo. Hapa kwetu liko jingine. Baridi ya Juni na Julai huwafanya watu waingize jiko ndani na kufunga mlango na dirisha. Mkaa uliokolea hauna moshi, lakini unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu hulala asiamke. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waifikie ifikapo 2034. Ni jambo jema. Lakini mkakati haumnunulii mtu sufuria. Anayenunua ni baba mwenye nyumba, na wapo akina baba (wanajijua) waliokwisha badili simu mara tatu ilhali mama watoto bado anapuliza jiko lile lile.

Sasa kwa nini presha kuka kwanza? Sababu kubwa iko katika mlima huu tunaoishi chini yake. Jiji la Arusha liko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi, si 100 kama Tanga au Dar es Salaam. Ndiyo maana maharage na makande hukaa motoni hapa muda mrefu kuliko pwani, hata mgeni kutoka Tanga akadhani ameuziwa maharage ya zamani. Sufuria ya presha huubana mvuke ndani, na joto likapita nyuzi 110. Maharage ambayo jiko la mkaa hulikalia saa mbili au tatu, hasa yakiwa yamelowekwa usiku kucha, humo huiva chini ya saa moja.

Na hapa pana faida ya pili isiyosemwa sana. Ili kulainisha maharage na makande haraka, wengi wetu hutia magadi. Maji ya maeneo mengi ya kuzunguka Mlima Meru yana madini ya floraidi kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, na matokeo yake tunayaona katika meno ya watoto wetu yaliyobadilika rangi kuwa ya kahawia. Uchunguzi uliofanywa hapa nchini ulikwisha onyesha kuwa magadi nayo yana floraidi, na kwamba yamechangia kuharibu meno hata pale ambapo maji yenyewe si mabaya. Tena maji yanavyozidi kukauka sufuriani, floraidi haiondoki na mvuke, hubaki kwenye mchuzi. Presha kuka haisafishi maji, tusidanganyane. Lakini haihitaji magadi kabisa, na maji yake hayakauki sana. Kwa nyumba yenye mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengeka, hiyo peke yake yatosha kuwa sababu ya kuinunua.

Tahadhari moja kuhusu maharage mekundu. Yana sumu ya asili inayoleta matapishi na kuharisha, nayo huvunjwa na mchemko mkali. Presha huimaliza. Lakini baadhi ya sufuria hizi zina kitufe cha kupika polepole kwa moto mdogo wa saa nyingi. Maharage mekundu mabichi yasipikwe kwa kitufe hicho, kwani joto lisilofika mchemko laweza kuizidisha sumu ile badala ya kuiondoa.

Tuje kwenye umeme. Oveni ya wati 2,000 ikiwaka mfululizo saa moja inakula uniti 2. Eafraya ya wati 1,500 kwa nusu saa haizidi robo tatu ya uniti. Presha kuka ya wati 1,000 ingekula uniti 1 kwa saa kama ingewaka muda wote, lakini presha ikishajaa hujizima na kujiwasha yenyewe, hivyo chungu cha maharage huishia kwenye nusu uniti au pungufu. Walio kwenye kundi la watumiaji wadogo wa TANESCO wakumbuke ukomo wa uniti 75 kwa mwezi. Kwa bei zilizopangwa 2016, uniti ndani ya ukomo huo ilikuwa shilingi 100 kabla ya kodi, na ya juu yake shilingi 350. Presha kuka ya kila siku itachukua uniti kama 15 kwa mwezi. Oveni ya kila siku yaweza kuchukua 60.

Lipo na suala la haki. Nyumba nyingi za kupanga Sombetini zina LUKU moja kwa wapangaji wanne au watano wanaochangia sawasawa. Ukiingiza jiko la umeme bila kusema, jirani mwenye taa mbili na redio analipia futari yako. Kaeni mkubaliane mchango kabla ya kununua chombo. Pia msiunganishe eafraya na presha kuka kwenye waya mmoja wa kuongezea, maana nyaya nyembamba za bei rahisi huyeyuka.

Eafraya si chombo kibaya. Ni oveni ndogo yenye feni. Sambusa zilizopakwa mafuta kidogo huiva vizuri humo, vivyo hivyo samaki, kuku na viazi, na mama huepukana na karai la mafuta yaliyokaangiwa hadi yakawa meusi. Lakini kaimati, bajia na vitumbua havipikiki humo, kwani rojo huchuruzika kabla ya kushika. Viazi visiachwe hadi viwe vya kahawia. Tangu 2002 wataalamu wa Sweden walipoligundua jambo hilo, inajulikana kuwa vyakula vya wanga vikikaushwa kwa moto mkali hutengeneza kemikali iitwayo akrilamaidi, inayohofiwa kuleta saratani. Loweka vipande vya viazi nusu saa, vikaushe, uvitoe vikiwa na rangi ya dhahabu. Kikapu nacho kisisuguliwe kwa steliwaya.

Presha kuka isijazwe maharage kupita nusu. Mpira wa mfuniko utolewe na kuoshwa kila baada ya kupika, na tundu la mvuke lichunguzwe lisizibwe na maganda. Mvuke utolewe mbali na watoto.

Mwisho ni daku. Wapo wanaotia nyama mbichi na ndizi sufuriani baada ya tarawehe, wakatega saa ijiwashe yenyewe saa tisa usiku. Hilo lisifanywe. Nyama mbichi iliyokaa saa tano katika sufuria iliyofungwa ni shamba la vijidudu, na vipo vinavyoacha sumu isiyoondoka hata kwa kuchemshwa. Isitoshe, Mtume (SAW) alitukataza kuacha moto ukiwaka tunapolala, na jiko linalojiwasha watu wakiwa usingizini liko karibu sana na jambo hilo. Mwenye friji apike jioni, apoze, ahifadhi, na daku apashe hadi kitokote. Asiye na friji aamke mapema kidogo tu, kwani nyama iliyokatwa vipande vidogo huiva katika presha kwa muda wa kama dakika 40.