Ati "Msanii Hajulikani"!

Mshikaji wangu wa Masasi karudi kutoka majuu. Tumekaa stendi kwa mama muuza chai, ananionyesha picha kwenye simu. "Cheki, bwana! Jumba la sanaa ya kisasa hilo. Kiingilio chake unakula wiki nzima!" Katikati ya michoro ya rangi, ndani ya kioo, kuna kinyago. Nikaikuza picha nikasoma maandishi yake: Mmakonde, Tanzania, msanii hajulikani.

Hajulikani na nani? Mimi mtoto wa Newala. Kwetu kinyago huchongwa kwa mti mwepesi, maana kitavaliwa na mtu acheze, ngoma zikilia, vijana wametoka jandoni. Siri ni ya huyo aliye ndani. Aliyechonga, wazee wanamjua. Aliyenunua ndiye hakuuliza.

Lakini wenzangu, tusimrukie Mzungu peke yake. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka 1985 kikanunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi. Kilirudishwa 2010. Miaka 26! Sisi tunaojiita waandishi, nani kati yetu alikililia hata kwa shairi la beti tatu? Tulikuwa tunaandika riwaya za wapelelezi wa New York, mji tusioujua hata harufu yake.

George Lilanga, aliyefariki 2005, naye ni Mmakonde. Yeye huko nje anajulikana kwa jina. Sababu haina uchawi: jina lake liliandikwa. Wangapi walishika patasi kama yeye, wakabaki "Mmakonde" tu, kama vile kabila zima lilikaa chini likachonga kwa mkono mmoja?

Sanaa tumeifanya korosho. Inaondoka ghafi, inarudi kwenye pakiti ya mwenzio, nasi tunaishangilia kwamba ni tamu!

Mshikaji aliniuliza, "Sasa wewe hujafika hata Nairobi, unalalamika nini?" Kweli, sijafika. Ila kalamu ninayo. Nikaiweka kando riwaya yangu, nikapanda gari la Newala, nikaenda kwa mzee mmoja mchongaji, daftari mkononi. Nikamwamkia, nikamwomba anitajie majina ya wenzake aliochonga nao ujanani.

Akanitazama kitambo.

"Mjukuu wangu, leo ndiyo mnauliza? Haya, andika. Tulikuwa saba. Nimebaki mimi."