Karti: Somo Lililo Mikononi mwa Watoto

MASHINDANO ya magari yanapotajwa, wengi hukumbuka Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wachache wanafahamu mbio za vigari vidogo viitwavyo karti, ambavyo ndivyo shule ya awali ya madereva mashuhuri duniani. Ayrton Senna wa Brazil na Lewis Hamilton wa Uingereza walianza navyo utotoni.

Karti ya kwanza iliundwa mwaka 1956 huko California, Marekani, na fundi Art Ingels. Aliunga mabomba ya chuma, akafunga injini iliyokusudiwa mashine ya kukatia majani.

Karti haina springi wala difu. Magurudumu ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja na huzunguka pamoja. Penye kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Hivyo fremu hujipinda na kulinyanyua kidogo la ndani, la sivyo kigari hugoma kukata kona. Hilo ni somo la fizikia lililo wazi kuliko mchoro wa ubaoni.

Hapo ndipo walimu wa Buigiri, na wa vijiji vyote vya nyanda za kati, wanapohusika. Mtoto aundaye gari la waya au la mbao amekwisha kuanza kujiuliza maswali hayo hayo. Anapokaripiwa kuwa anapoteza wakati, fundi wa kesho hufukuzwa karakanani.

Hata hivyo, Buigiri imepitiwa na barabara kuu ya Dodoma hadi Morogoro, yenye malori na mabasi mchana na usiku. Barabara hiyo si uwanja wa michezo. Mahali palipozungushiwa uzio, kofia ngumu, breki iliyojaribiwa na msimamizi mtu mzima ni masharti ya kwanza.

Ukweli pia usifichwe: karti ya mashindano ni ghali, na shule yenye upungufu wa madawati haitazamiwi kuinunua. Lakini mbao, magurudumu ya baiskeli kuukuu na usukani wa kamba vinatosha kufundishia. Maofisa elimu hawana budi kuwapa walimu nafasi hiyo katika ratiba, na mafundi wa kijiji waalikwe kusaidia.

Ingels hakungoja mtambo wa kuagizwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.