Bunduki ya dola 140 na springi niliyoikata

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zimenizidi, na leo nimerudi lakini sileti habari za Java wala za seva. Nataka kuzungumza juu ya bunduki. Tulia, usifunge ukurasa! Bunduki ni mashine, na mashine ndizo zinazotukutanisha hapa.

Kwanza niwaondolee wasiwasi walio nyumbani. Mimi naishi Minnesota, Marekani, na bunduki hii iko huku huku, ndani ya kabati la chuma lenye kufuli. Kenya mambo ni tofauti kabisa. Uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haikuruhusu kumiliki bunduki bila cheti. Huku mkazi wa kudumu kama mimi hujaza fomu nambari 4473 dukani, muuzaji akauliza FBI kama una rekodi mbaya, na ukipita unaondoka nayo. Mimi nilingoja dakika chache tu. Kungoja meza katika mkahawa kumewahi kunichukua muda mrefu zaidi. Kama hilo ni jema au baya, hiyo ni hoja ya siku nyingine.

Niliyonunua ni Marlin 25N, iliyotumika, kwa dola 140. Ni bunduki ya komeo: unainua mkono wa chuma, unauvuta nyuma, unausukuma mbele, na kila ukifanya hivyo risasi moja inaingia mtutuni. Mbao zake ni za mti wa betula uliopakwa rangi ili ufanane na mti ghali. Nambari yake inaanza na 08. Sasa hapa ndugu zangu wa programu mtafurahi: kwa bunduki za Marlin za miaka ile, unatoa tarakimu mbili za kwanza kutoka 100 na jibu ndilo mwaka. 100 kutoa 08 ni 92, kwa hivyo yangu ni ya 1992. Walipofika mwaka wa 2000 wakaandika 00, na 2001 ikawa 99. Dunia nzima ilikuwa ikihangaika na tatizo la Y2K, wao hesabu yao ikazunguka yenyewe bila mtu kuandika mstari mmoja wa kodi.

Risasi yake ni ile ndogo ya .22 Long Rifle, ambayo kampuni ya Stevens ya Massachusetts iliitoa mwaka wa 1887. Katika risasi kubwa, kiwashio ni kidonge kilicho katikati ya kitako cha ganda. Katika hii, kiwashio kimejazwa ndani ya ukingo mwembamba unaozunguka kitako. Pini inagonga ukingo, ukingo unabonyea, kiwashio kinawaka, baruti inafuata. Kinachoruka ni kipande cha risasi chenye uzito wa gramu 2.6 hivi. Ganda likishabonyea hivyo unalitupa. Lakini ni risasi ya bei nafuu, haina kishindo, haigongi bega, na mtu anaweza kujifunza kulenga siku nzima bila kufilisika.

Ukiwa na bunduki ya zamani ya bei rahisi, washauri hukujia wa aina mbili. Wa kwanza anasema itupe, nunua mpya. Wa pili anasema nunua mbao mpya, nunua darubini kubwa, nunua triga mpya, na ukijumlisha unakuta umeweka dola 600 juu ya kitu cha dola 140. Hawa wawili nawafahamu tangu kazini. Mmoja anataka kuandika mfumo upya kila mwaka, mwingine anataka kuongeza maktaba mpya kila wiki. Wote wawili hawajawahi kupima lolote.

Mimi nilianza kwa kupima. Yadi 50, yaani mita 45 na ushei, mtutu umelala juu ya mfuko wa mchanga, risasi tano kwenye kila karatasi, karatasi kumi. Kisha unapima umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Wengi hupiga risasi tatu, zikikaa karibu wanapiga picha, zikitawanyika wanasema upepo ulivuma. Risasi tatu hazikuambii kitu. Hata karatasi moja ya tano inadanganya: katika zile kumi zangu za kwanza, ndogo kabisa ilikuwa milimita 29 na kubwa kabisa 71, bunduki ile ile, risasi za kasha lile lile, mchana ule ule. Wastani ulikuwa milimita 48. Hiyo ndiyo nambari niliyoiandika ukurasa wa kwanza wa daftari.

Halafu nikawa nabadilisha kitu kimoja kimoja. Nilipoifungua nilikuta skurubu ya mbele, inayobana chuma kwenye mbao, imelegea kiasi cha kuzungushwa kwa kucha. Nikaikaza. Gharama: sufuri. Wastani ukashuka hadi 39. Kisha nikapitisha noti ya dola kati ya mtutu na mbao. (Noti ya shilingi mia ingefaa vile vile.) Ilipita upande wa kulia, ikakwama upande wa kushoto. Maana yake mbao zilikuwa zinausukuma mtutu upande mmoja, na mbao hubadilika na unyevu, kwa hivyo msukumo wa Jumamosi si ule wa Jumapili. Nikafunga msasa kwenye kipande cha bomba, nikakwangua jioni mbili mpaka noti ikapita pote, nikapaka mafuta ya kitani. Ikawa 35.

Kilichofuata kilinishangaza. Nilikuwa natumia risasi za kasha kubwa la mia tano, zile za bei ya chini zinazojisifu kwa kasi. Nikanunua za CCI za kasi ya kawaida, ambazo hutoka kwa futi 1,070 kwa sekunde, chini ya kasi ya sauti. Zile za kasi hutoka juu ya kasi ya sauti halafu njiani zinapungua, na pale zinapovuka mpaka wa sauti zinayumba kidogo. Hizi za pole pole hazina mpaka wa kuvuka. Wastani ukaanguka hadi milimita 22. Mtutu huu una mifuo 16 mifupi kwenda chini, mtindo ambao Marlin waliuanzisha mwaka wa 1953, na nimesoma mabishano marefu kuhusu mifuo hiyo. Lakini kubadilisha kasha la risasi kulinipa tofauti sawa na kazi yote niliyofanya kwa mikono.

Ningeishia hapo, ningekuwa na hadithi nzuri ya kuringia. Sikuishia hapo.

Triga ilikuwa nzito. Unavuta, unavuta, mpaka unajiuliza kama umesahau kutoa kufuli. Nikasoma mahali kwamba dawa ni rahisi: toa springi, kata mzunguko mmoja na nusu kwa koleo, rudisha. Dakika kumi. Nikafanya. Nilipoijaribu mezani, loo! Ilikuwa kama kubofya panya wa tarakilishi. Nilimwita mke wangu aje aone. Hakuona cha kuona.

Jumamosi nikaenda uwanja wa shabaha. Karatasi tano za kwanza zilikwenda salama. Ya sita nilikuwa na haraka kidogo, nikasukuma komeo mbele na kulifunga kwa nguvu kuliko kawaida. Bunduki ikalia. Kidole changu kilikuwa nje kabisa, hakijagusa triga. Mtutu ulikuwa umeelekea kwenye kifusi cha udongo kwa sababu hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya uwanja, na risasi ikaingia udongoni hatua chache mbele ya shabaha. Hakuna aliyeumia. Katika nafasi ya kushoto kwangu alikuwapo mzee na mjukuu wake wa kiume, wa miaka kumi na moja au kumi na miwili hivi, amevaa vifuniko vya masikio vinavyompwaya. Mtoto alidhani nimepiga kama kawaida. Mzee alinitazama tu. Nilitoa risasi zote, nikafunga virago, nikakaa ndani ya gari robo saa kabla ya kuwasha injini.

Kilichotokea kinaelezeka. Ndani mna vipande viwili vya chuma vilivyoshikana ukingoni, na springi ndiyo inayovilazimisha vibaki vimeshikana. Ukiipunguza nguvu, unapunguza uzito wa triga, ndiyo, lakini unapunguza pia kile kinachoizuia pini isiruke bunduki ikitikiswa. Niliigusa sehemu ya usalama nikidhani naigusa sehemu ya starehe. Na nilijaribu nini mezani? Nilijaribu kama inafanya kazi. Sikujaribu hata mara moja kama inaweza kukosea. Kazini nikimkuta kijana amefanya hivyo namrudishia kodi yake bila kusoma ukurasa wa pili. Isitoshe, kodi mbovu ikiangusha seva saa nane usiku, unarudisha toleo la jana, unaomba radhi, unakunywa chai. Risasi ile ilikuwa imeshatoka.

Nilipofika nyumbani nilifungua daftari. Wastani wa zile karatasi tano ulikuwa milimita 21. Kutoka 22 hadi 21! Karatasi tano haziwezi kutofautisha hata hizo nambari mbili. Kile kitu kilichokaribia kuleta msiba hakikunipa chochote kinachoweza kupimwa. Kilinipa raha ya kidole.

Kupata springi nyingine kulichukua muda. Marlin iliuzwa kwa Remington mpango uliotangazwa mwishoni mwa 2007, kiwanda cha North Haven, Connecticut, kikafungwa mwaka wa 2011, Remington nayo ikafilisika na mwaka wa 2020 jina la Marlin likanunuliwa na Ruger. Springi ya bunduki yangu ilitoka kwa mtu anayebomoa bunduki kuukuu na kuuza vipande. Dola sita na stempu.

Sasa msimamo wangu, kwa vile nimeahidi maoni. Siwaungi mkono wale wa kutupa. Kitu chenye skurubu mbili, ambacho naweza kukifungua kwa bisibisi na kuona kila kinachosogea, nakiheshimu kuliko simu iliyogandishwa kwa gundi. Lakini nawapinga vikali wanaosambaza ile dawa ya koleo kana kwamba ni kubadilisha rangi ya ukuta. Mbao, skurubu, risasi, chezea upendavyo. Triga, kama huna njia ya kuipima ikikosea, mpe fundi mwenye ujuzi au iache ivutike kwa uzito wake.

Na kuna jambo linalonisumbua zaidi ya yote. Bunduki hii itaishi kuliko mimi. Aliyeitumia kabla yangu simjui, na atakayeichukua baada yangu hanijui. Kama ningeiuza wiki ile, angeipokea na springi iliyokatwa bila alama yoyote nje, akampa mtoto wake ajifunzie. Kwa hivyo lile daftari sasa linakaa pamoja na bunduki. Kila badiliko limeandikwa humo, tarehe, sababu, na kilichopimwa. Ukurasa wa 9 unaeleza jaribio ninalolifanya kila ninapoifungua: naweka ganda tupu mahali pa risasi, maana katika bunduki za aina hii pini ikikosa ukingo wa ganda inaweza kugonga na kuharibu chuma cha mtutu wenyewe, halafu nafunga komeo kwa nguvu mara hamsini, kisha nagonga kitako kwenye zulia mara hamsini. Pini ikiruka hata mara moja, haitoki nyumbani.

Springi iliyokatwa nimeibandika kwa utepe ndani ya mlango wa kabati. Triga imerudi kuwa nzito. Jumamosi iliyopita wastani ulikuwa milimita 22, karatasi kumi kamili.