Ombi lisilofunguka ni kama halikutumwa

Zamani kuomba kazi kulikuwa na taabu zake, lakini jambo moja lilikuwa rahisi. Ulipiga barua yako chapa kwa taipureta, ukaikunja, ukaitia ndani ya bahasha ya kaki na kuipeleka posta. Karatasi uliyoitazama wewe Kitui mjini ndiyo iyo hiyo aliyoishika karani wa Nairobi. Herufi hazikubadilika njiani, wala mistari haikuhama.

Siku hizi mambo ni mengine. Tangazo la kazi linakuambia utume wasifu wako kwa barua pepe, au upakie stakabadhi zako kwenye tovuti kabla ya saa kumi na moja jioni. Kijana anaandika usiku kucha, anabonyeza, analala. Asilolijua ni kwamba kinachofika upande wa pili huenda kisiwe kile alichokiona yeye. Ndiyo maana juma hili nataka tuzungumze juu ya aina ya faili inayofaa unapotuma wasifu wa kazi, huo ambao wengi wetu tunauita CV.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa jamaa zetu wa Kitui. Kaunti ile ina eneo la zaidi ya kilomita mraba 30,000, na mtu wa Tseikuru husafiri zaidi ya kilomita 100 kufika Kitui mjini. Simu ya mkononi anayo, lakini tarakilishi na mashine ya kupiga skani aghalabu huzipata sokoni, kwenye saiba ya Mwingi, Mutomo au Kitui mjini. Ombi moja la kazi linaweza kula nauli, ada ya saiba na siku nzima ya kazi ya shamba. Mara nyingi fedha hizo zimetoka kwa mzazi aliyeuza pojo au kuku. Nao wanaotafuta kazi ni wengi. Karibu na Kwa Vonza kuna Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopewa hati yake mwaka 2013, na mwaka huo huo ndipo serikali za kaunti zilipoanza kazi, zikawa na bodi zao za kuajiri. Karani mwenye maombi mia kadhaa mbele yake hatakupigia simu kukueleza kwamba faili yako haikufunguka. Atachukua ya mwenzako.

Sasa tuziangalie faili zenyewe. Aina zinazotumiwa sana ni tatu: ya Word, ya picha, na ya PDF.

Faili ya Word ni nzuri kwa kuandikia. Unaongeza, unafuta, unasahihisha upendavyo. Tatizo lake ni kwamba kila mashine inayoifungua huipanga upya. Kama mtindo wa herufi ulioutumia haumo katika tarakilishi ya mwajiri, mashine yake huweka mtindo mwingine. Maneno yakipanuka kidogo tu, wasifu wa kurasa mbili unakuwa wa kurasa tatu, jedwali linakatika katikati, na jina la mdhamini wako linabaki peke yake ukurasa wa mwisho. Akiifungua kwa simu, mambo huharibika zaidi. Fauka ya hayo, faili ya Word huweza kubeba maoni na masahihisho uliyodhani umeyafuta, na yeyote anayeipokea anaweza kubadilisha neno bila kukusudia.

Faili ya picha ndiyo mtego wa wengi. Kijana anachapisha wasifu saiba, anaupiga picha kwa simu akiwa ameuweka juu ya meza, kisha anaituma picha hiyo. Kivuli cha mkono kimo, karatasi imepinda, na herufi za pembeni hazisomeki. Hata ikiwa safi, picha ina kasoro nyingine. Baadhi ya waajiri wakubwa hutumia programu zinazopitia wasifu na kutafuta maneno kama vile "diploma" au "uhasibu". Mbele ya programu isiyoweza kusoma maandishi yaliyo ndani ya picha, diploma yako haipo.

PDF ilibuniwa ili kutibu ugonjwa huo hasa. Mwaka 1991 John Warnock, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Adobe ya Marekani, alieleza wazo la hati itakayoonekana vile vile katika kila mashine. Mwaka 1993 kampuni hiyo ikaitoa, na mwaka 2008 ikakubaliwa kuwa kipimo cha kimataifa. Siri yake ni kwamba faili huweza kusafiri na herufi zake ndani, na kila mstari umewekewa mahali pake. Kwa mtu wa Kitui naweza kusema hivi: Word ni asali ingali mzingani, PDF ni asali iliyokwisha chujwa na kufungwa chupani. Hakuna anayempelekea mteja mzinga.

Basi shauri langu ni hili: andika kwa Word, tuma kwa PDF. Huhitaji kununua chochote. Katika Word, unapohifadhi faili, chagua PDF katika orodha ya aina za faili. Google Docs na LibreOffice, ambazo hazilipiwi, nazo hufanya kazi hiyo, hata kwa tarakilishi kuukuu.

Lakini tahadhari, msomaji. Ukichukua ile picha ya meza na kuigeuza PDF, bado ni picha, imebadili nguo tu. Kuna jaribio jepesi. Fungua PDF yako kwa simu, bonyeza neno lolote na ulishikilie. Likipakwa rangi na ukaweza kulinakili, hayo ni maandishi ya kweli. Likikataa, huenda umeshika picha. Rudi kwenye faili ya Word uanze upya.

Vyeti ni habari nyingine. Cheti cha KCSE hakina budi kupigwa skani au picha, maana mwajiri anataka kuona muhuri. Hapo angalia uzito. Picha moja ya simu yaweza kufika megabaiti 3 au 4, na vyeti sita hivyo vinaweza kupita megabaiti 20. Gmail hairuhusu kutuma viambatisho vinavyozidi megabaiti 25, na tovuti nyingi za kuombea kazi huweka kikomo cha chini zaidi ya hicho. Mwambie mwenye saiba apige skani ya nukta 150 au 200 kwa inchi. Hiyo inasomeka vizuri na haimalizi bando lako. Ikiwa tangazo linataka faili moja, aziunganishe kurasa zote ziwe PDF moja, wasifu ukitangulia.

Je, kuna wakati Word inafaa kutumwa? Naam. Tangazo likisema Word, tuma Word. Wako mawakala wa ajira wanaotaka kuupanga wasifu kwa mtindo wao, na mifumo mingine huomba aina hiyo kwa sababu zake. Vilevile kuna mahali ambapo faili haitoshi kabisa. Tume ya Utumishi wa Umma, kwa mfano, ina tovuti ambayo mwombaji hujaza maelezo yake katika visanduku. Hapo faili yako ya Word itakusaidia kunakili maneno bila kuyaandika tena. Na bado yako matangazo yanayotaka karatasi ndani ya bahasha. Tangazo ndilo sheria. Lisome mara mbili kabla ya kutoka nyumbani.

Kabla ya kubonyeza, fanya mambo matatu madogo. Kwanza, ipe faili jina la maana: jina lako, kisha kazi unayoiomba. Faili iitwayo "CV mpya ya mwisho" hupotea kati ya nyingine hamsini za jina hilo. Pili, itume kwanza kwa rafiki mwenye simu ya aina nyingine, akuambie anaona nini. Tatu, chungulia maelezo ya faili yanayoonyesha jina la mwandishi. Saiba nyingi hutumia wasifu wa mteja mmoja kama kielelezo cha mwingine, na si ajabu faili yako ikatoka na jina la mtu usiyemjua. Usiweke nambari ya siri kwenye faili, kwa maana hakuna atakayekuuliza.

Wazazi, na nyinyi ndugu mlio mijini mnaowatumia wadogo zenu fedha za saiba, neno langu la mwisho ni lenu. Muulizeni kijana: "Faili ya Word iko wapi?" Wengi hurudi nyumbani na karatasi tu, faili ikabaki kwenye tarakilishi ya saiba. Ikitokea kazi nyingine mwezi ujao, ataanza kulipia upya, na saiba ikifungwa basi hana kitu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ajitumie faili zote mbili, ya Word na ya PDF, katika barua pepe yake mwenyewe. Kisha, kabla ya kuondoka, aombe nakala za kitambulisho na vyeti vyake zifutwe kwenye mashine ile na kwenye WhatsApp ya saiba. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kuomba hivyo, na mwenye saiba mwema hatakasirika.

Kazi huenda isipatikane kwa ombi la kwanza wala la tano. Lakini mtoto wa watu akikosa kazi, na akose kwa kuwa amepatikana mwenye sifa kumzidi, asikose kwa kuwa wasifu wake haukusomeka. Tukijaliwa, tukutane tena Jumapili ijayo.